Hisa Zilizozaliwa Usiku



Ukipita Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, wakati wa jioni utayakuta malori yamepanga foleni kuelekea bandarini. Mengi yana namba za Kongo na Zambia, na juu ya matela yake vibamba vya shaba vimefungwa kwa minyororo na mikanda. Abiria wa daladala huchungulia dirishani, na hapo hoja huanza: mali yote ile inakwenda wapi, na sisi tunabaki na nini? Swali ni zuri, ila limechelewa. Lori linapofika Kurasini, mwenye mali ameshajulikana zamani. Alijulikana ofisini, kwenye daftari la wanahisa.

Daftari hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo. Wakubwa wanapogombana juu ya machimbo, mara nyingi hawagombani shimoni. Wanagombania hisa, na hasa hisa zilizotolewa au kuhamishwa kinyume cha utaratibu huku mwenzao hajui.

Tuanze na hesabu yenyewe. Tuseme wewe na mwenzako mna kampuni yenye hisa 1,000. Zako 400, zake 600. Una asilimia 40, na ukisema jambo kikaoni unasikilizwa. Siku moja bodi inakaa, wewe hukuitwa, au barua ya mwaliko ilitumwa kwenye sanduku la posta uliloacha kulilipia miaka mitano iliyopita. Bodi inatoa hisa mpya 9,000, zote kwa mwenzako na shemeji yake. Unaamka asubuhi na hisa zako 400 zilezile, hakuna iliyoguswa. Lakini 400 kati ya 10,000 ni asilimia 4. Uji umo kikombeni mwako kama ulivyouacha, ila umemiminiwa maji. Ukienda polisi utaandikisha umeibiwa nini?

Hila hii hufanyika katika kampuni za kila aina, hata za maduka. Kwenye madini, hata hivyo, inapata rutuba ya pekee, na sababu ni mbili. Kwanza, thamani ya kampuni ya madini haipandi ngazi kwa ngazi, inaruka. Leo una leseni na pori, kesho majibu ya maabara yanaonyesha kuna dhahabu, na karatasi iliyokuwa haina bei inageuka mali ya mamilioni. Wanaoyaona majibu hayo kwanza ni wale waliomo ndani, na saa chache kabla ya wengine kuyasikia ndizo saa hisa mpya zinapopenda kuzaliwa. Pili, uchorongaji hula fedha kama moto. Kampuni ya utafiti haina mauzo, kwa hiyo njia yake ya kawaida ya kupata fedha ni kutoa hisa mpya. Ndiyo maana anayetaka kukupunguza hakosi kisingizio. Atasema tulihitaji mtaji, na pengine kweli mlihitaji.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika ukanda wetu uko Manono, jimbo la Tanganyika, ng'ambo ya ziwa, kwa ndugu zetu wa Kongo wanaoongea Kiswahili kama sisi. Manono ulikuwa mji wa bati tangu enzi za Wabelgiji. Bati likapoteza bei, mitambo ikaota kutu. Kisha dunia ikaanza kutaka betri za magari ya umeme, na mwamba uleule ukaonekana umejaa lithiamu. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2019 yalitaja tani milioni 400 za mwamba wenye oksidi ya lithiamu asilimia 1.65. Hiyo ni mojawapo ya hazina kubwa kabisa za aina yake duniani, na katika mipango ya kuutoa mzigo huo, Bandari ya Dar es Salaam ilitajwa kuwa mlango mmoja, wa pili ukiwa Lobito ya Angola.

Kampuni iliyoshika leseni iliitwa Dathcom. Asilimia 60 ya hisa zake zilikuwa za AVZ Minerals, kampuni ya Perth, Australia. Zilizobaki zilikuwa za Cominière, ambalo ni shirika la serikali ya Kongo, na za kampuni binafsi iitwayo Dathomir. AVZ ikasema imezinunua hisa za Dathomir na sasa inafikia asilimia 75. Dathomir ikajibu kwamba mauzo hayo hayakukamilika kihalali, ikaenda mahakamani. Wakati huohuo Cominière, mwaka 2021, ikauza asilimia 15 kwa Zijin, kampuni kubwa ya uchimbaji ya China, kwa dola milioni 33 na ushee. AVZ ikapiga kelele: mkataba wetu unasema mbia akitaka kuuza, sisi wengine ndio wa kwanza kuulizwa. Hatukuulizwa.

Sasa nikuombe kalamu, msikilizaji, au simu kama ina kikokotoo. Dola milioni 33 kwa asilimia 15 ni kama dola milioni 2.2 kwa kila asilimia moja. Septemba ya mwaka huohuo, AVZ ilitangaza makubaliano ya kuuza asilimia 24 kwa kampuni nyingine ya Kichina, yenye uhusiano na CATL, wale watengeneza betri wakubwa. Bei ilikuwa dola milioni 240, yaani dola milioni 10 kwa kila asilimia. Mgodi uleule, mwaka uleule, na shirika la umma ndilo lililouza kwa bei iliyokaribia robo ya ile ya mwenzake. Ni kweli kwamba hisa za anayeongoza mradi huwa na bei kuliko za mbia mdogo, na makubaliano ya milioni 240 yalikuwa na masharti, na mwishowe yalivunjika. Hata ukiyatoa hayo yote, pengo halizibiki. Wakaguzi wa fedha wa serikali ya Kongo yenyewe, wale wanaojulikana kama IGF, waliyakosoa mauzo ya Cominière.

Kilichofuata ni mlolongo. Mei 2022 hisa za AVZ zilisimamishwa kuuzwa kwenye soko la Australia, na baada ya miaka miwili zikaondolewa kabisa. Maelfu ya watu wa kawaida huko, wastaafu na wafanyakazi, walibaki wameshika hisa wasizoweza kuziuza. Mwaka 2023 serikali ya Kongo iliifuta leseni ya Dathcom, na sehemu ya kaskazini ya eneo ikaenda kwa kampuni mpya ya Cominière na Zijin. Kesi zikafunguliwa mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Na pale Manono? Mtu wa Manono hakuwa kwenye daftari lolote kati ya hayo. Alichokipata katika miaka hiyo ni kusubiri ajira.

Mtu atasema: hayo ni ya Kongo, kwetu kuna utaratibu. Basi tuje hapahapa Dar es Salaam, Tegeta, kwenye mitambo ya IPTL. Najua, IPTL ilifua umeme, haikuchimba dhahabu. Lakini ukitaka kuona namna karatasi ya hisa inavyoweza kuzunguka, hakuna darasa zuri kuliko lile, na ada yake tulishailipa.

Kampuni ile, iliyotia saini mkataba na shirika la umeme, TANESCO, Mei 1995, ilikuwa na hisa 10 tu. Saba za Mechmar ya Malaysia, tatu za VIP ya hapa nyumbani. Mkataba ulipigiwa hesabu kwamba wenye kampuni wanaweka mtaji wao wenyewe wa mamilioni ya dola, dola milioni 38.16 kwa hesabu iliyokuja kukubaliwa, na malipo ya kila mwezi ya TANESCO yakapangwa kuwarudishia mtaji huo pamoja na faida. Uchunguzi ulipofanyika baadaye, mtaji uliolipwa kwa hisa ulionekana kuwa shilingi 50,000. Sijakosea kusoma. Elfu hamsini, bei ya viatu vya mtumba vizuri pale Karume, na huenda muuzaji angekataa kushusha. Februari 2014 baraza la usuluhishi la ICSID lilikubali kwamba malipo ya TANESCO yalipaswa kupigwa hesabu upya.

Kisha hisa zikaanza safari. Zile saba za Mechmar zilidaiwa kupita kwa kampuni ya Piper Links, iliyosajiliwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza, halafu zikaenda kwa kampuni nyingine, PAP. Zile tatu za VIP ziliuzwa kwa PAP kwa dola milioni 75. Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, ililiambia Bunge kule Dodoma kwamba bei zilizoandikwa kwenye nyaraka zilizopelekwa kwa mamlaka ya mapato, TRA, zilikuwa ndogo mno. Mahali pa dola milioni 6 paliandikwa shilingi milioni 6, na mahali pa dola milioni 20 zikaandikwa shilingi milioni 480. Hati za hisa za Mechmar zilikuwa zimewekwa rehani kwa benki iliyokuwa ikidai, na benki hiyo haikuwa imeziachia. Lakini kwa nguvu ya umiliki huo huo unaogombaniwa, zaidi ya shilingi bilioni 300 zilikuwa zimeshatoka kwenye akaunti ya Escrow, ambako malipo ya TANESCO yaliyogombaniwa yalikuwa yamehifadhiwa. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu, mawaziri wawili wakapoteza nafasi zao, kesi zikafunguliwa Mahakama ya Kisutu. Taifa zima lilijadili mgawo wa fedha. Wachache sana waliuliza swali la msajili: hivi karatasi ya kuhamisha hisa ilipofika mezani, nani aliikagua?

Kwa miaka mingi meza hiyo imekuwa ya BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni, jengo la Ushirika, Mtaa wa Lumumba, mwendo mfupi kwa miguu kutoka sokoni Kariakoo. Mtaa wenyewe una uchumi wake. Kuna steshenari zenye fotokopi zisizopumzika, kuna vijana wanaojua fomu ipi inakwenda na ipi, kuna mchonga mihuri mwenye kimeza cha mbao na sampuli zimepangwa kwenye kipande cha kadibodi. Mpe jina la kampuni umeandika kwenye karatasi, rudi baada ya muda mfupi, muhuri uko tayari, wino bado mbichi. Hakuulizi kama wewe ndiye mkurugenzi. Hiyo si kazi yake.

Tatizo langu ni kwamba kwa muda mrefu haikuwa sana kazi ya msajili pia. Kampuni ikigawa hisa mpya, sheria inataka ipeleke taarifa ya mgawo huo. Msajili anapokea na kuweka kwenye jalada. Hana jicho la kuona kama kikao kilifanyika kweli, kama akidi ilitimia, kama saini ya mzee fulani wa Chunya ni yake. Tangu 2018 usajili umehamia kwenye mtandao, foleni imepungua, na nawasifu kwa hilo. Kisha ikaja sheria ya kuwataja wamiliki manufaa, ili tujue binadamu aliye nyuma ya kampuni iliyo nyuma ya kampuni. Hatua nzuri. Lakini karatasi ya uongo ikiingizwa kwenye mtandao haigeuki kuwa ya kweli. Inafika haraka zaidi, basi.

Mahakama je? Mahakama zipo, na sheria ipo. Kifungu cha 233 cha Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 kinamruhusu mwanahisa aliyeonewa kwenda Mahakama Kuu. Na tunarithi pia mawazo ya majaji wa nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza, ambao suala hili waliligongea vichwa kitambo. Mwaka 1972 huko British Columbia, Kanada, kampuni ya Teck ilikuwa imenunua hisa nyingi za Afton Mines, kampuni ndogo yenye shaba. Wakurugenzi wa Afton hawakuitaka. Wakaingia mkataba na kampuni nyingine, wakakubali kuipa hisa, na wingi wa Teck ukayeyuka. Jaji Berger alisema ni sawa, kwa kuwa wakurugenzi waliamini, na walikuwa na sababu za kuamini, kwamba wanailinda kampuni.

Miaka miwili baadaye Baraza la Faragha kule London liliamua rufaa kutoka Australia, kati ya Howard Smith na Ampol. Hapo wanahisa wawili walikuwa na asilimia 55 kwa pamoja, bodi ikatoa hisa kwa mtu wa tatu ili wingi wao uvunjike. Fedha zilihitajika kweli. Wakurugenzi hawakujinufaisha hata senti. Bado majaji walisema hisa zile ni batili, kwa sababu wakurugenzi hawakupewa mamlaka ya kutoa hisa ili wachague nani awe bosi wao.

Mimi si mwanasheria, lakini ukiniuliza nasimama na hao wa 1974. Kwa nchi yetu uamuzi wa Kanada ni mlango mpana mno. Mkurugenzi gani atakayesimama kizimbani akiri kwamba hakuwa akiilinda kampuni?

Serikali yetu yenyewe iliuelewa mchezo huu, na ikajikinga. Baada ya sakata la makinikia la mwaka 2017, yale makontena 277 ya mchanga wa madini yaliyozuiliwa hapo bandarini, Sheria ya Madini ilirekebishwa. Kifungu cha 10 kinaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni yenye leseni kubwa au ya kati ya uchimbaji, bila kuzilipia. Na likaongezwa sharti ambalo kwangu ndilo kiini chake: hisa hizo haziwezi kupunguzwa. Kampuni itoe hisa mpya milioni, 16 ya Serikali inabaki 16. Barrick, wachimbaji wa dhahabu, walikubali, ikaundwa Twiga Minerals, na Oktoba 2020 gawio la kwanza la dola milioni 250 lilipotangazwa, Serikali ilipata milioni 40. Piga hesabu, ni 16 kamili. Kule Kabanga, Ngara, ndivyo hivyohivyo kwenye Tembo Nickel iliyoundwa 2021. Kampuni kubwa ya madini, BHP, walipoingiza fedha na kufikia asilimia 17, waliingia kwenye kampuni mama ya juu, wakagawana na wenzao wa huko. Fungu la Serikali huku chini halikutikisika.

Hebu sasa mtazame asiye Serikali. Mchimbaji mdogo wa Geita au Chunya ana leseni yake, ambayo kwa sheria ni ya Mtanzania. Anakuja mtu mwenye mtambo na fedha. Wanakubaliana waanzishe kampuni, mchimbaji alete leseni, mwenzake alete mtaji, wagawane hisa. Mchimbaji huyu si mjinga. Kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, anajua kugawana kuliko mtu yeyote wa mjini: mifuko ya mawe inapangwa mdomoni mwa shimo, fungu la mwenye leseni, la mwenye duara, la wachimbaji, na kila mmoja amesimama anaangalia. Ukitaka kumpunja lazima umpunje mchana kweupe, mbele ya watu wenye sururu. Kwenye kampuni hakuna mdomo wa shimo. Mgawo unafanyika Dar es Salaam, kwenye ghorofa lenye kiyoyozi, yeye yuko umbali wa siku nzima ya basi. Akija kushtuka, hisa zimeshatolewa, zimeshauzwa kwa kampuni ya Mauritius, na kampuni hiyo itasema ilinunua kwa nia njema. Kifungu cha 233 kinamsubiri, naam, pamoja na ada ya wakili.

Simwombei mchimbaji apewe kinga ya kutopunguzwa kama ya Serikali. Hiyo ingeua mtaji, maana hakuna atakayeweka fedha mahali ambapo mwenzake hapungui daima. Naomba kitu kidogo zaidi. Ukituma shilingi elfu mbili kwa simu, ujumbe unakufikia kabla hujairudisha simu mfukoni. Basi sheria iseme hivi: taarifa ya kugawa au kuhamisha hisa ikiingia kwa msajili, ujumbe uende kwa kila mwanahisa aliyemo daftarini, kwa namba yake iliyothibitishwa kwa kitambulisho cha NIDA, na mgawo usisajiliwe mpaka siku kadhaa zipite bila pingamizi. Mwanahisa akipinga, Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu iamue kabla hisa hazijavuka mpaka. Na Tume ya Madini isipokee maombi ya kuhamisha leseni ya kampuni ambayo daftari lake lina pingamizi.

Najua watakaosema kwamba siku hizo kadhaa zitawakatisha tamaa wawekezaji, kwamba fedha haipendi kungoja. Hao waulizwe habari za Manono. Asilimia 15 za Cominière ziliuzwa 2021, haraka, bila siku za kungoja. Mwaka 2025, kampuni ya Kimarekani ya KoBold ilipoingia ikitaka sehemu ya mwamba uleule, ililazimika kukaa mezani na AVZ kuzungumzia ugomvi uleule.